Ukurasa wa Koku

Annastella Rutaihwa hakuwahi kumwachia mtu jiko lake. Nyumba yake ya Kashai, pale Bukoba mjini, ilikuwa na vyumba vinne na jiko la uani, na akisafiri angeweza kumwachia jirani funguo zote isipokuwa wa jiko. Huo aliuvaa shingoni pamoja na rozari. Msimu wa senene, wale panzi wanaoliwa Kagera, ukifika, wanawake aliowakodi walikaa uani chini ya turubai, wakanyonyoa mabawa na miguu, wakamkabidhi mabeseni mlangoni. Yeye akaingia nayo na kufunga komeo kwa ndani. Kilichoendelea humo wenzake walikijua kwa harufu tu.

Hakuzaliwa hivyo. Miaka kumi na minne alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni, na katika miaka hiyo aliona sukari ikitolewa dirishani ndani ya ndoo ya ukoko, akaona maharage yakiondoka yamefungwa kwenye mashuka, na siku moja akasikia jina lake likitajwa kikaoni kwa mafuta ambayo hakuyagusa. Aliyemtaja alikuwa rafiki yake wa karibu. Tangu hapo Annastella akawa mtu wa kuhesabu vijiko. Aliacha kazi, akarudi kwenye kitu alichofundishwa na mama yake utotoni, yaani kukausha na kukaanga senene, akawatia kwenye makopo ya plastiki na kuandika juu yake kwa kalamu nene: Senene wa Koku.

Koku lilikuwa jina la mama. Marehemu Kokugonza wa Buganguzi, huko Muleba, aliuza senene kwenye majani ya mgomba nje ya kanisa kila Jumapili baada ya misa, na watu waliotoka mbali waliuliza, "Ma Koku yuko wapi leo?" kabla hawajasalimia mtu. Annastella alilichukua jina hilo kama mtu anavyochukua koti la marehemu, bila kumuuliza yeyote.

Biashara ilienda vizuri. Wasafiri wa Mwanza na Dar walibeba makopo yake kama zawadi, na duka moja pale mjini lilimwekea rafu nzima. Siku moja, mwezi wa sita, alikuwa amesimama pembeni mwa rafu hiyo akipanga makopo, mama mmoja wa mjini aliyevaa miwani akachukua kopo, akaligeuza juu chini.

"Huyu hana ukurasa?" mama yule alimuuliza muuzaji. "Hakuna Insta, hakuna chochote. Nitajuaje kama ni halisi?"

Akalirudisha. Akachukua la mwingine, lenye stika ya rangi na jina la ukurasa. Annastella alitamani kusema kwamba senene wa kopo lile jingine walikaangwa kwa mafuta ya dukani na walikuwa wa msimu uliopita, lakini aliendelea kupanga makopo. Maisha yake yote yeye ndiye aliyekuwa akiwashuku watu. Siku hiyo alishukiwa yeye, tena na mtu ambaye hakujua hata kwamba amesimama naye bega kwa bega.

Ndipo alipompigia simu Klaudia.

Klaudia alikuwa binti wa kaka yake, Datius. Alikuwa amesoma mambo ya biashara chuoni Mwanza, na sasa alifanya kazi ya kuchapa na kutoa kopi kwenye stationari moja karibu na soko. Kwa mwaka mzima alikuwa akimsihi shangazi yake afungue ukurasa, na kwa mwaka mzima shangazi alikuwa na jibu lilelile.

"Shangazi, siku hizi mtu hanunui kitu kabla hajakutafuta kwenye simu," Klaudia alisema Jumamosi iliyofuata, wakiwa wamekaa jikoni. Yeye peke yake, kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani, ndiye aliyeruhusiwa kuvuka kizingiti kile, tena wakati jiko limezimwa. "Anataka akuone kwanza."

"Anione nimefanya nini?"

"Akuone wewe ni nani. Jina, picha, maneno machache ya unachofanya, na namba ya simu. Hiyo ndiyo profaili. Mtu akiifungua tu, kabla hujamwambia neno, awe ameshajua huyu ni mtu wa namna gani."

"Na mwizi naye akiifungua?"

Klaudia alicheka. "Naye atajua."

"Basi umeona mwenyewe."

Lakini alikubali. Aliruhusu makopo yapigwe picha yakiwa yamefungwa. Dirisha alilifunga pia. Klaudia akaandika jina kwenye simu, akasubiri, akaandika tena. Akakunja uso.

"Limeshachukuliwa, shangazi."

"Nani kalichukua?"

Klaudia alimpa simu. Ukurasa ulikuwa pale, unaitwa Senene wa Koku, wenye watu zaidi ya elfu sita wanaoufuata. Chini ya jina kulikuwa na maneno: *Kwa mkono wa Koku, kutoka Kagera.* Na juu yake picha ya duara, ndogo, ya mikono miwili ya mwanamke ikipepeta senene kwenye ungo. Ungo huo ulikuwa umezungushiwa kitambaa chekundu ukingoni.

Annastella aliinua macho ukutani. Ungo wenye kitambaa chekundu ulikuwa umening'inia pale pale, juu ya debe la chumvi. Aliushonea kitambaa hicho mama yake mwenyewe. Akaitazama mikono yake, vidole virefu, viungo vilivyotokeza, kisha akaitazama ile ya kwenye simu.

"Hii ni mikono yangu," alisema taratibu. "Na huo ni ungo wangu."

"Uliwahi kumtumia mtu picha?"

"Sijawahi kupiga picha humu ndani hata siku moja."

Klaudia aliendelea kuperuzi, akisema hakuna namba ya simu, mwenyewe anajibu kwa ujumbe wa humohumo, na picha ya kwanza iliwekwa miaka miwili iliyopita. Annastella hakumsikia vizuri. Alikuwa akifikiri ni nani, katika miaka hiyo miwili, aliyewahi kuingia humu akiwa na simu yenye kamera. Alihesabu. Hakuvuka mmoja.

Kuanzia hapo kila kitu cha Klaudia kilianza kuonekana upya. Viatu vipya alivyovaa vimetoka wapi, kwa mshahara wa kutoa kopi? Mbona simu yake huiweka kifudifudi mezani? Mbona mwaka mzima amehimiza jambo hili, halafu leo akaupata ukurasa ule kwa sekunde mbili, kama mtu anayejua njia ya kwenda nyumbani kwake? Annastella alimsindikiza hadi barabarani akimpa matoke na parachichi, akitabasamu, na moyoni akimtazama kisogo kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia uani bila kubisha hodi.

Hakusema kitu. Alitega mtego kwanza.

Siku ya pili yake alimpigia Klaudia simu, akamwambia, kama mtu anayesimulia habari za kawaida, kwamba anafikiria kuanza kutengeneza senene wa pilipili. "Usimwambie mtu," alisema. Kisha akaenda kwa jirani yake, Mastura.

Mastura alikuwa mfanyabiashara wa dagaa. Alikwenda Bumbire, akakaa huko kisiwani siku tatu nne na wavuvi, akarudi na magunia, na dagaa wake aliwauza kwa kuwapiga picha na kuwaweka mtandaoni. Simu yake ilikuwa na kila kitu. Annastella alimwomba awe anamwonyesha ukurasa ule kila jioni. Mastura hakuuliza sababu. Mtu akikaa na wavuvi kwa muda mrefu hujifunza kutouliza.

Jumatatu hakukuwa na kitu. Jumanne pia. Jumatano, saa kumi na moja jioni, Mastura alimwita kupitia uzio.

"Njoo uone. Wameweka kitu kipya."

Ilikuwa picha ya kopo jipya, lenye chembe nyekundu. Chini yake pameandikwa: *Mliomba sana. Sasa tunao na wa pilipili.*

Annastella alishika uzio. Hakuhisi hasira kwanza. Alihisi kitu kinachofanana na raha, raha mbaya, ya mtu aliyesema jambo na likawa.

Klaudia alikuja kesho yake akitokea kazini, amebeba bahasha yenye stika alizozichora mwenyewe na kuzichapa kwa gharama yake. Alizipanga mezani, tatu, za rangi tofauti, akaanza kueleza ipi itasomeka vizuri kwenye kopo. Shangazi yake hakuzitazama.

"Nani alikuambia uwaambie habari ya pilipili?"

"Niwaambie akina nani?"

"Usinifanye mtoto, Klaudia. Nilikuambia wewe peke yako. Siku tatu tu, iko mtandaoni. Ungo wangu uko mtandaoni. Mikono yangu iko mtandaoni. Humu ndani nimewahi kukuingiza wewe tu."

Klaudia aliinua macho kutoka kwenye stika. Hakulia. Annastella alikuwa amejiandaa kwa machozi, na kwa viapo pia, kwa sababu wale wa shuleni walikuwa na yote mawili.

"Jumamosi ile uliponiangalia, niliona," Klaudia alisema hatimaye. "Nikajiambia labda nimeona vibaya. Ni shangazi yangu, nikasema, hawezi."

Alizikusanya stika, akazirudisha kwenye bahasha, akaiacha bahasha mezani, akaondoka. Hakubamiza hata mlango.

Jioni hiyo Datius alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilimtisha Annastella kuliko kama angepayuka.

"Umemwita mwanangu mwizi?"

"Sikumwita. Nilimuuliza."

"Annastella, mimi nimekufahamu tangu tukiwa tunagombania mgongo wa mama. Najua unavyouliza. Rozi naye ulimuuliza hivyo hivyo."

Akakata simu.

Annastella alibaki ameishika. Hakupenda jina hilo litajwe. Rozi alikuwa mdogo wao wa mwisho, naye hawakuwa wameongea kwa miaka minane. Siku ya kumaliza matanga ya mama, pale Buganguzi, mbele ya majirani na katekista, Annastella alikuwa ameuliza kahawa ya kibanja, shamba la mama la nyumbani, ya misimu miwili imekwenda wapi, wakati aliyekuwa akikaa na mgonjwa ni Rozi peke yake. Rozi hakujibu. Alichukua nguo zake, akarudi kwake Kishanda alikoolewa. Annastella yeye alichukua ungo.

Alijisemea kwamba hayo ni mambo mengine. Hata hivyo usingizi uligoma, na asubuhi aliamua kulimaliza jambo hili kwa ushahidi wa mkononi. Kama Klaudia alikuwa akiuza senene kwa jina lake, basi alikuwa akiwatoa mahali. Ama aliiba wa shangazi yake, ama alinunua wabovu akawauza kwa jina la mama. Vyovyote vile, ulimi wake ungejua.

Mastura aliandika ujumbe kwenye ukurasa ule: anaomba kopo moja, yuko Bukoba. Jibu lilikuja baada ya muda mfupi, likimwita ndugu kwa Kihaya. *Karibu sana waitu. Mzigo utakuja na gari la asubuhi, hela utampa dereva ukishaona mzigo wako.*

"Wana adabu," Mastura alisema.

"Wana akili," alijibu Annastella. "Wangetaka hela kwa simu, jina lingetokea."

Kesho yake asubuhi alikwenda stendi mwenyewe, amejifunga mtandio hadi puani kama mtu mwenye mafua. Dereva alimkabidhi kopo lililofungwa kwa gazeti. Lilikuwa limefungwa vizuri, hilo alilazimika kulikubali. Mfuniko ulikuwa na plasta inayoonyesha kama umefunguliwa, na tarehe iliandikwa kwa mkono. Alirudi nalo nyumbani, akaingia jikoni, akafunga komeo, akamwaga senene kwenye sahani nyeupe.

Walikuwa wasafi. Hakukuwa na bawa hata moja, wala mguu. Rangi yao ilikuwa ya dhahabu iliyoiva, si ule weusi wa mafuta yaliyorudiwa. Aliwanusa. Akaweka mmoja mdomoni, akatafuna polepole.

Akaketi kwenye kigoda.

Ladha ile alikuwa akiijua kuliko anavyoijua sauti yake. Mama yao alikuwa na jambo lake, dogo, ambalo hakumwambia hata baba: kabla ya kuwaanika senene juani aliwachemsha kwa maji machache ya chumvi na mchaichai uliofungwa fundo, akautoa mchaichai mapema, kabla haujatawala. Mlaji hakuweza kusema ni kitu gani. Alisema tu kwamba senene wa Ma Koku hawakinaishi. Annastella aliyafanya hayo mlango ukiwa umefungwa. Klaudia hakuwahi kuyaona. Wanawake wa uani hawakuwahi kuyaona. Duniani waliofundishwa mchaichai ule walikuwa watoto wawili wa kike, na mmoja ni yeye.

Alirudi stendi akiwa nusu anakimbia. Dereva alikuwa bado anapakia.

"Baba, ule mzigo ulipewa wapi?"

"Kishanda, mama. Kwa yule dada wa senene. Kila wiki nambebea."

Siku hiyohiyo, Jumamosi, Annastella alipanda gari la Muleba. Njia nzima alipanga maneno. Alikuwa nayo ya kutosha, mengine ya Kiswahili, mengine makali zaidi ya Kihaya. Akilini alimwona Rozi akichukua picha kwa siri, sijui lini, sijui kwa kumtuma nani. Alimwona akicheka. Aliposhuka, aliuliza njia mara moja tu; kila mtu alijua kwa dada wa senene.

Nyumba ilikuwa katikati ya migomba, uwanja umefagiliwa. Chanja tatu za waya zilikuwa zimewekwa juani, zimefunikwa kwa chandarua safi. Wanawake wawili walikuwa wakiosha makopo. Jiko lilikuwa la matofali, jipya, na mlango wake ulikuwa wazi kabisa, mpaka moshi na mazungumzo vilikuwa vikitoka pamoja. Rozi alitoka humo akiwa amevaa aproni na kofia ya kufunika nywele. Alikuwa amenenepa kidogo, na amekuwa na mvi.

Walitazamana.

"Umechelewa," Rozi alisema. "Mimi nilikutegemea mwaka jana. Karibu, dada."

"Sikuja kukaribishwa. Umeniibia jina."

Wanawake wa makopo waliacha kuosha. Rozi aliwaangalia, wakaendelea.

"Jina gani?"

"Koku."

"Koku alizaa watoto wangapi wa kike?"

Annastella aliliruka swali hilo. Akashika lingine. "Na picha yangu? Mikono yangu, ungo wangu, umeweka bila kuniuliza. Nimemtuhumu mtoto wa Datius kwa sababu ya picha hiyo."

"Mikono yako?"

Rozi aliingia ndani, akarudi na simu. Hakuufungua ukurasa, alifungua picha yenyewe, ile kubwa, akaivuta kwa vidole viwili mpaka mkono wa kushoto ukajaa kioo chote. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda kuelekea ndani, kama ndoano.

"Mwenye kidole hiki ni nani?"

Mama yao alivunjika kidole hicho alipoteleza na mkungu wa ndizi, Rozi akiwa bado ananyonya. Hakikunyooka tena.

"Niliipiga msimu wake wa mwisho," Rozi alisema. "Alikuwa hawezi kusimama, lakini aliposikia senene wameanguka alitaka ungo. Nikamkalisha kitandani akapepeta kidogo. Shuka lilijaa mabawa." Akaifunga simu. "Umeiona picha ya mama, dada, ukasema ni wewe."

Annastella alikaa kwenye benchi lililokuwa karibu. Mikono yake aliiweka kwenye mapaja, akaificha chini ya khanga bila kujua kwa nini.

"Ungeniuliza kabla," alisema kwa sauti ndogo. "Kabla ya kuchukua jina."

"Ningekuuliza, ungejibuje?"

Hilo alilijua: angekataa.

"Na ile kahawa," Rozi akasema.

"Tuyaache hayo."

"Hapana. Wewe hukuyaacha, uliyasema mbele ya katekista. Ile kahawa ilikuwa sindano. Kila wiki sindano, na gari la kwenda na kurudi hospitali. Hukuambiwa kwa sababu mimi nilikuwa nafua mashuka ya mama usiku na mchana. Sikuwa na nafasi ya kukuandikia ripoti."

Hakuwa amepaza sauti. Mmoja wa wale wanawake aliinuka, akaenda kuchota maji ambayo hayakuwa yamekwisha.

Annastella hakuomba radhi siku hiyo. Inapasa kusemwa hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikula alichopewa, akaonyeshwa chanja, akauliza maswali mengi kuhusu plasta ya mfuniko. Aliuliza pia habari ya pilipili, na Rozi akasema ni wateja wa Dar, walikuwa wakisumbua tangu Pasaka. Kwenye gari la kurudi, sehemu moja ya moyo wake ilikuwa ikilia, na nyingine ilikuwa bado ikinong'ona: picha mtu anaweza kuihariri, risiti za sindano hukuziona, amekulisha ili uondoke umenyamaza. Alizoea kuisikiliza sauti hiyo kama mtu anavyomsikiliza daktari. Safari hii, kwa mara ya kwanza, aliishuku yenyewe.

Jumatatu alikwenda stationari. Palikuwa na foleni ya wanafunzi na mzee mmoja mwenye hati ya kiwanja. Annastella alisubiri zamu yake kama mteja, na ilipofika alisema, kila mtu akisikia:

"Klaudia, hukuniibia kitu. Nilikosea, nimekuja kukuomba msamaha."

Klaudia alikuwa ameshika karatasi za mzee. Aliziweka kwenye mashine, akabonyeza, taa ikapita.

"Sawa, shangazi," alisema.

"Nataka unifungulie ukurasa. Kwa jina langu."

"Nitakuja Jumapili baada ya misa. Lakini nitakutoza kama ninavyomtoza mtu mwingine."

"Nitoze."

Alikuja kweli, na aliamkia kama inavyotakiwa, lakini chai hakunywa. Alikaa uani, hakuelekea jikoni. Annastella alikuwa amevaa gauni la Jumapili na hereni. Klaudia alimwambia akavae nguo anazofanyia kazi. "Mteja akikukuta tofauti na picha, ataondoka akijua umemdanganya. Niambie sasa, tuandike nini? Wewe ni nani?"

"Andika ni senene bora kuliko wote."

"Kila mtu anaandika hivyo. Kitu ambacho ni chako wewe."

Annastella alifikiri. Alifikiri sana, mpaka Klaudia akaangalia saa.

"Sina kitu," alisema. "Mimi ni mtu wa mashaka tu. Nakagua senene mmoja mmoja, hata waliokwisha kukaguliwa. Jikoni kwangu haingii mtu. Aliyenyonyoa namrudishia beseni mara mbili, mara tatu. Watu hawanipendi kwa hilo."

Klaudia alikuwa tayari anaandika. Aligeuza simu, akamwonyesha. *Annastella wa Kashai. Nakagua senene mmoja mmoja. Siamini mkono wa mtu, hata wangu naurudia.*

"Utaniaibisha," Annastella alisema.

"Ndivyo ulivyo, shangazi. Mteja mwenye mashaka anayenunua chakula asichokiona kikipikwa, anatafuta mtu kama wewe." Kwa mara ya kwanza siku hiyo sauti yake ililegea kidogo. Kisha akapiga picha: mwanamke wa makamo mwenye khanga kiunoni, ameshika senene mmoja karibu na jicho, amekunja uso kama anayesoma hati ya deni. Haikuwa picha nzuri. Lakini mtu yeyote wa Kashai angemjua.

Watu walianza kuufuata, kidogo kidogo. Yule mama wa miwani hakuonekana tena, au labda alikuwa mmoja wao. Mtandaoni huwezi kujua. Mteja mmoja wa Dodoma aliandika kuuliza kama yeye na Koku ni mmoja, maana makopo yao yana ladha moja. Annastella alikaa na swali hilo asubuhi nzima. Mwishowe akajibu kwamba Koku alikuwa mama yake, na ukurasa wa Koku ni wa mdogo wake, na kwamba kwa sasa mdogo wake ndiye mwenye wa pilipili.

Klaudia huja kila mwisho wa mwezi kuweka picha mpya. Anachukua malipo yake na kuaga mapema. Mara moja tu alikubali chai.

Mwezi wa kumi na moja, mvua zilipokolea, Rozi alipiga simu asubuhi. Alisema senene wameanguka Kishanda mpaka watu wanachota kwa magunia, na kwamba Bukoba amesikia ni wachache; akamuuliza kama amtumie magunia mawili kwa gari la mchana.

Annastella aliwaza magunia yaliyofungwa midomo, na wale wa chini ambao mtu hawaoni.

"Usitume," alisema. "Nitakuja mwenyewe niwaone."

Upande wa pili Rozi alicheka, kicheko kifupi cha puani, cha kwao.

"Njoo basi," alisema. "Tena uje na beseni lako, maana langu najua utaliosha upya."

Annastella alikwenda kutafuta beseni.